Picha za radio za nyota: mashine iko wapi huko juu?

Fundi_wa_Radio (Goma)

Habari zenu ndugu. Mimi ni mama wa chumba cha radio, yaani cha picha za eksirei, katika hospitali moja hapa Goma. Huu ni mwaka wa 14 napiga picha vifua, mikono iliyovunjika na viuno vya watu walioanguka na pikipiki. Juzi mtoto wa dada yangu alinionyesha kwenye simu picha ya Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka, akasema, "Mama mdogo, hii ni kazi yako, ni picha ya eksirei." Chini yake palikuwa na picha nyingine ya kitu kilekile, hiyo ya infraredi.

Tangu siku hiyo sijatulia. Kwangu kila picha ina mashine inayotoa mionzi upande huu, mgonjwa katikati, kaseti ya filamu nyuma yake. Mfupa unazuia, nyama inapitisha, nami nasoma kivuli. Sasa nyota ile, nani amesimama nyuma yake na mashine? Kama Chandra, darubini ya angani iliyopiga picha ile ya eksirei, ndiyo kaseti, mionzi imetoka wapi?

Halafu vioo. Wanasema Chandra ina vioo. Mionzi yangu inapita mbao, inapita mlango usio na bamba la risasi, kioo kitairudishaje? Na rangi nazo: filamu yangu haijawahi kutoa zambarau. Nielezeni kama mtu wa kazi, msinirahisishie kupita kiasi.

Mwalimu_Lshi (Lubumbashi)

Mama, pole na kazi. Nafundisha fizikia sekondari. Ulivyodhani wewe ndivyo walivyoanza hata wakubwa wa kazi hii. Juni 1962 kikundi cha mwanafizikia Riccardo Giacconi kilirusha roketi kutoka New Mexico, Marekani, kikiwinda Mwezi. Kwao Jua lilikuwa mashine na Mwezi ndiye mgonjwa: eksirei za Jua ziugonge, nao ung'ae kidogo. Roketi ilikaa juu ya hewa dakika chache tu. Mwezi hawakuupata. Walichopata ni kitu kikali ajabu upande wa kundinyota la Nge, na hakuna aliyekuwa akikimulika. Kikaitwa Scorpius X-1. Giacconi alipewa Nobel mwaka 2002.

Kwa hiyo huko juu mgonjwa ndiye mashine. Wewe unasoma kivuli, wao wanasoma mng'ao.

Na mng'ao unafuata joto. Mwili wako, nyuzi 37, unatoa infraredi, mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, hata gizani. Lava yenye nyuzi elfu moja hivi inatoa infraredi nyingi, na wekundu juu yake. Uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi, ndiyo mwanga wa mchana. Gesi ya Cassiopeia A ilipigwa na wimbi la mlipuko ikafika mamilioni ya nyuzi, na hapo ndipo eksirei zinapotoka. Picha ya infraredi inaonyesha vumbi la mlipuko uleule, lenye joto dogo zaidi. Kitu ni kimoja, ila ndani yake kuna cha moto mkali na cha vuguvugu.

Vioo sasa. Tupa jiwe wima ziwani Kivu, linazama. Litupe bapa, karibu sambamba na maji, linarukaruka. Vioo vya Chandra havitazamani na mionzi uso kwa uso. Vimekaa kama mapipa yasiyo na vitako, jozi nne, moja ndani ya nyingine, vimepakwa metali ya iridiamu. Mionzi inavikwaruza kwa pembe ndogo sana, ya digrii moja hivi, kisha inakutana mita 10 nyuma.

Mtoto_wa_Kadutu (Bukavu)

Naongeza jambo ninalolipenda mno. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hii ya eksirei peke yake ina jina la Kiswahili. Ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake. Ndiyo maana inaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei.

Dada, angalizo la neno: sisi huku tunasema "radio", lakini kwa watu wa nyota mawimbi ya redio ni kitu kingine kabisa. Ukisoma, tafuta "eksirei".

Kuhusu infraredi: inapenya vumbi linalozuia mwanga wa kawaida. Katikati ya galaksi yetu hatukuoni kwa macho, vumbi limejaa njiani. Kwa infraredi, wanaastronomia Reinhard Genzel na Andrea Ghez, kila mmoja na kikundi chake, walifuatilia nyota zikizunguka kitu kisichoonekana chenye uzito wa Jua milioni 4 hivi. Wakapewa Nobel mwaka 2020. Darubini ya James Webb, iliyorushwa 25 Desemba 2021, ina mwavuli wa kuzuia jua wa tabaka tano, kwa sababu darubini yenye joto inatoa infraredi yenyewe. Bila mwavuli huo ingekuwa kama wewe kusafisha filamu katika chumba ambacho kuta zake zinawaka.

Fundi_wa_Radio (Goma)

Aksanti sana. Hilo la joto nalijua kwa shavu langu. Mwaka 2021, siku chache baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 22 Mei, nilifika Buhene lava ilipokomea. Jiwe lilikuwa jeusi, halina mwanga hata chembe, na hatua kadhaa kabla ya kulifikia shavu lilikuwa linachoma. Kumbe nilikuwa napokea infraredi.

Mwalimu, nguvu je? Mimi natumia kilovolti (kV) 60 mpaka 110.

Mwalimu_Lshi (Lubumbashi)

Chandra inapokea kuanzia 0.1 hadi 10 keV hivi (keV hupima nguvu ya chembe moja ya mionzi). Ni ile mionzi laini ambayo aluminiamu ya mashine yako inaichuja isiishie kwenye ngozi ya mgonjwa. NuSTAR, darubini nyingine ya eksirei ya mwaka 2012, inafika 79. Mionzi hiyo yote hewa inaizuia, ndiyo maana lazima wapande juu: hewa yote iliyo juu ya bahari ina uzito wa maji ya kina cha mita 10. Wewe kifua kinene tu kinakusumbua.

Na rangi: kipokezi kinapima nguvu ya kila chembe inayoingia. Kwa kawaida dhaifu hupewa nyekundu, za kati kijani, kali buluu. Rangi hizo ni vipimo, Mama.

Usiku huu wa Julai, saa tatu, tafuta Antares, nyota nyekundu ya Nge. Nyosha mkono, pima ngumi moja kuelekea kaskazini. Scorpius X-1 iko hapo, ingawa kwa macho haionekani.

Fundi_wa_Radio (Goma)

Tumetoka na mtoto jana. Ngumi yake ni ndogo kuliko yangu, tukabishana, kisha nikakumbuka na mkono wake ni mfupi. Tuliangukia mahali pamoja. Palikuwa peusi kabisa, na tulisimama pale mpaka mama yake akatuita ndani.