Sukari ikishuka naambiwa nimelewa, na soda nanyang'anywa. Nifanyeje?

Dada wa Dagaa:
Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma, nina miaka 31, nina kisukari, najichoma insulini asubuhi na jioni, mwaka wa sita huu. Nauza dagaa, mzigo nachukua Kibirizi. Wanaopajua wanajua: mitumbwi inaingia alfajiri, ukichelewa umekosa. Jumamosi nilijichoma, nikasema chai nitakunywa hukohuko. Tukavutana bei, chai nikaisahau.

Saa nne nipo Mwanga nasubiri daladala, jasho likaanza kunitiririka, mikono inatetemeka, ulimi mzito. Nikanunua soda. Nimepiga funda moja tu, mama mmoja muuza nyanya anayenifahamu akaipokonya: "Huyu ana kisukari, mnataka kumuua?" Tena kwa nia njema kabisa! Nikajaribu kueleza, maneno yanatoka kama ya mlevi. Wengine wakasema pepo, kijana mmoja kashatoa simu anarekodi. Mpiga debe ndiye aliyeniokoa: "Si kasema anataka soda? Mpeni soda yake."

Kutetemeka nimezoea. Kinachoniuma wateja wanaulizana kama nimeanza gongo. Wenzangu mnafanyaje?

Babu Ujiji:
Pole binti yangu. Hili jina "ugonjwa wa sukari" ndilo linatuponza. Watu wanajua ya kupanda tu. Mimi natumia vidonge vya glibenclamide, navyo vinashusha vilevile. Natembea na pipi mfukoni, ila wajukuu wamezigundua.

Kapeto:
Acha hiyo insulini dada, kuna majani ya kuchemsha yanamaliza kabisa.

Nesi Mstaafu:
Kapeto, anayeitegemea insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache. Usirudie hiyo.

Dada, kipimo kikisoma chini ya 4 (mmol/L) usijadiliane na mtu. Vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Zile zisizo na sukari hazikusaidii kitu. Baada ya dakika 15 pima tena, ikiwa bado chini rudia. Ikikaa sawa, kula chakula. Usianze na andazi, mafuta yanachelewesha. Na ukizimia usimiminiwe kitu mdomoni, utapaliwa: ulazwe ubavu, upelekwe hospitali haraka. Waambie na wa nyumbani. Halafu, mdogo wangu, hiyo ya kujichoma wakati chai hujui utainywa saa ngapi, iache.

Boda wa Gungu:
Mimi nina kadi, inaning'inia na funguo za pikipiki: "NINA KISUKARI. NIKITETEMEKA AU KUONGEA OVYO SIJALEWA. NIPENI SODA AU MAJI YA SUKARI." Na nikianza kutokwa jasho tu, napaki. Abiria akinuna, anune.

Dada wa Dagaa (siku tatu baadaye):
Ahsanteni. Kadi nimeandika, juu kabisa nimeweka MSININYANG'ANYE. Chai sasa nabeba kwenye chupa, na viazi.

Yule mama nilimfuata na kisado cha dagaa, nikamweleza. Akanyamaza, akauliza, "Kwa hiyo siku ile mimi ndiye nilikuwa nakuua?" Nilikosa jibu, nikamshika mkono. Leo nimekuta chupa ya soda chini ya meza yake ya nyanya, anasema ni yangu, haiuzwi.

Wa gongo bado wanaulizana.