Mvua imeanza tu, jirani wa juu kafungulia choo. Namfuata, ananijibu na mswaki mdomoni!

Wakuu, salamu baadaye. Natetemeka kwa hasira hapa.

Sisi wa Mabatini mlimani, hapa Mwanza, wote tunamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa nyumba iliyokaa juu ya jiwe kubwa, geti la bluu. Yule ambaye hata mbuzi wa mtaa wakifika usawa wake wanabadilisha njia.

Alfajiri hii mvua haijashika hata vizuri, bati ndiyo kwanza linaanza kulia, nasikia harufu. Si harufu ya kuulizana. Natoka na tochi, naona maji yanashuka kwenye ngazi zetu, mazito, ya kahawia, yamebeba vipande vya gazeti. Yakapita mlangoni, yakakata kona kwenye jiwe, yakaingia jiko langu la nje na kuzima moto chini ya maharage ya watoto. Sufuria iko juu ya mafiga katikati ya Ziwa Victoria la pili, bado kuletewa kivuko tu.

Nikapanda kwake na mvua yangu. Bwana mkubwa yuko kibarazani, taulo kiunoni, anapiga mswaki. Nikampa shikamoo kwa sababu nimelelewa. Hakuipokea. Nikamwambia, baba, choo chako kimefika jikoni kwangu. Akanitazama. Akatema povu, likatua hatua moja kutoka kwenye ndala zangu. Akasema:

"Maji hayapandi mlima, binti."

Akarudisha mswaki mdomoni.

Akarudisha mswaki mdomoni, jamani! Akaendelea na magego!

Mlimani hapa shimo refu halichimbiki, chini ni mwamba, kila mtu anajua. Kwa hiyo yeye kajenga karo la tofali juu ya jiwe, katoboa tundu, kachomeka bomba, kaziba na tambara. Kazi yake ni kuangalia mawingu. Mamlaka ya hali ya hewa wangemwajiri huyu mzee, anaijua mvua kabla haijaamua kunyesha. Likitanda wingu moja tu upande wa ziwani, tambara limeshatoka.

Na mimi ningeweza kunyamaza kama wengine wanavyonyamaza. Ningemwaga dawa, ningefagia, ningepika upya. Lakini kunitemea povu la mswaki! Mtu choo chake kiko kwenye maharage yangu, halafu yeye anajali usafi wa kinywa!

Nisemeni kama nimekosea kupandisha sauti.

---

Kichwa cha Tofali: Hujakosea dada. Huyo mzee tunamjua tangu zamani. Mwaka juzi alifungulia siku ya harusi ya jirani, maharusi wakavushwa mgongoni.

Mtazama Ziwa: Ila tuseme ukweli, maji yanapanda mlima? 😂😂

Binti wa Ngazini (mtoa mada): Mtazama Ziwa usinichezee leo. Ningekuwa nimeyaleta mimi hayo maji hapo kwako usingecheka. Mtu ananitemea povu miguuni unaniuliza habari za milima?

Fundi Mwamba: Na wewe mtoa mada choo chako kinaenda wapi? Isije ikawa wa chini yako naye kaanzisha uzi.

Binti wa Ngazini: Changu kina karo lenye mfuniko. Likijaa nalipa vijana wanaoshusha kwa madumu mpaka lami, gari la majitaka linawasubiri huko kwa sababu huku halifiki. Pesa natoa mimi, jasho wanatoa wao, hakuna jirani anayenusa. Uliza mtaa mzima. Na hata ningekuwa sina choo kabisa, mswaki ule haukuwa halali.

Mwanasheria wa Kibarazani: Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Nenda kwa bwana afya wa kata, chukua na picha. Majitaka yale yanashuka Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na ziwani ndiko tunakovuta maji ya kunywa. Kipindupindu cha 2015 mmekisahau?

Kichwa cha Tofali: Bwana afya aje mlimani? Mara ya mwisho aliishia kwa muuza chipsi pale chini, akauliza "huko juu wanaendeleaje," akageuza.

Mtazama Ziwa: Mkuu alikuwa na kitambi, muwe na huruma.

Juu Kabisa: Mnalalamikia yanayoshuka. Njooni sisi wa juu kabisa mlalamikie yasiyopanda. Maji ya bomba kwetu yanakuja usiku wa manane, tena kwa kudondoka. Nyie wa chini mnamwagilia maua. Mimi nimelala na ndoo chini ya bomba mpaka mke wangu anaionea wivu ndoo.

Binti wa Ngazini: Pole, lakini hii ni mada ya choo.

Mjukuu wa Igogo: Choo kina nafuu. Kwetu Igogo wapasua kokoto wanachoma matairi chini ya jiwe ili lipasuke. Nguo zote nilizoanika zimekuwa nyeusi, na jiwe lenyewe ndilo limeshikilia msingi wa nyumba yangu! Nikiwaambia wanasema "tulia mama, bado halijachoka."

Kichwa cha Tofali: Hahahaha bado halijachoka! Likichoka utaamkia Nyegezi.

Mama Uchochoro: Mimi naomba niseme langu na sitanii. Mtaani kwetu mtu alipoona wamekuja kupima viwanja kwa ajili ya urasimishaji wa makazi akawahi kujenga ukuta katikati ya njia tuliyopita miaka yote. Msiba ulipotokea jeneza halikupita. Vijana wakapanda ukutani, wengine chini, tukalipitisha juu ya ukuta likiwa limesimama, wafiwa wanaangalia. Mwenye ukuta alikuwa dirishani. Hakutoka hata kutoa pole.

Juu Kabisa: Duh. Hiyo imenikaa vibaya, mama. Poleni sana.

Mwanasheria wa Kibarazani: Njia iliyotumika muda mrefu haifungwi hivyo. Mwenyekiti wa mtaa alisema nini?

Mama Uchochoro: Mwenyekiti ni shemeji yake.

Fundi Mwamba: Uzi umekwisha hapo.

Binti wa Ngazini: Haujakwisha! Huyu mzee ametoka tena sasa hivi, namuona kutoka hapa, kashika kikombe cha chai. Anakunywa chai akiangalia jikoni kwangu!

Mtazama Ziwa: Baada ya mswaki lazima chai, ulitaka afanye nini?

Binti wa Ngazini: Mtazama Ziwa nahisi wewe ndiye huyo mzee.

Mtazama Ziwa: Mimi nipo Kirumba nimepanga chumba, choo ni cha mwenye nyumba.

Bodaboda Mstaarabu: Na mimi niseme. Nyie watu wa milimani mnatuita "njoo mpaka mlangoni," mlango uko mawinguni, ukifika mguu wa ngazi abiria anasema nimsaidie na kiroba cha unga. Ukiomba nyongeza unaitwa mwizi.

Juu Kabisa: Kiroba chenyewe huwa mnakiacha kwenye jiwe la kwanza mnakimbia.

Mjukuu wa Igogo: Tumejengewa daraja la kilomita 3 Kigongo–Busisi, mtu anavuka ziwa kwa dakika chache. Kutoka lami mpaka kwangu ndiyo safari sasa. Jiji tangu mwaka 2000, na bado gari la mgonjwa kwetu ni mgongo wa jirani.

Mwanasheria wa Kibarazani: Lakini kuna mitaa ya milimani imepitishiwa mabomba ya majitaka, watu wanaungwa nyumba kwa nyumba. Mtoa mada ulizia. Huyo mzee akiungwa habari ya tambara imekwisha.

Binti wa Ngazini: Aliambiwa aungwe. Alisema bomba litamharibia kibaraza. Kibaraza! Hicho hicho cha kutemea mswaki!

Fundi Mwamba: Jamani samahani kidogo, kuna mtu anafahamu vijana wa kubeba friji mpaka Bugarika juu? Nimenunua jana, liko kwa fundi viatu pale barabarani, naogopa mvua.

Bodaboda Mstaarabu: Nicheki inbox. Ila sipandishi kwa pikipiki.

Kichwa cha Tofali: Usiwape bei kabla hawajaliona. Mimi walinishushia kabati katikati ya ngazi wakaanza kujadiliana upya.

Binti wa Ngazini: Kwa hiyo mimi mnaniacha na maharage yangu?

Juu Kabisa: Fundi, friji lina mlango mmoja au miwili?