Tupeane uzoefu: burudani ilipohamia mtandaoni, kazi yako ilibadilikaje?

Mtunzi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nimefungua mada hii kwa sababu mazungumzo kuhusu burudani na mtandao mara nyingi huishia kwenye majina ya kampuni kubwa, ilhali wanaotunga, wanaorekodi, wanaohariri na wanaoonyesha kazi hizo hawasikiki. Historia yenyewe inafahamika. Napster, huduma ya kupeana nyimbo mtandaoni bila malipo, ilipoanza mwaka 1999, kampuni za muziki zilikimbilia mahakamani, na huduma hiyo ikafungwa mwaka 2001, lakini mazoea ya watu kupeana nyimbo bila malipo yaliendelea kwingineko. Mwaka 2003 Apple ikafungua duka la iTunes na kuuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 za dola, na tangu hapo msikilizaji hakulazimika tena kununua albamu nzima kwa ajili ya nyimbo mbili anazozipenda. Spotify ikaanza kutoa huduma ya kusikiliza nyimbo moja kwa moja mtandaoni mwaka 2008, na hata kununua wimbo kukawa si lazima.

Naanza na yangu. Mimi ni mtunzi na mwimbaji, na nimefanya kazi katika mfumo wa zamani na huu wa sasa. Zamani lebo ilitoa fedha za kurekodi, ikazikata kutoka kwenye mauzo, na kilichobaki kilinifikia kwa wingi katika miezi ya mwanzo baada ya albamu kutoka, kisha kikapungua hadi kutoweka. Sasa malipo ni madogo sana kwa kila usikilizaji, lakini hayakomi. Wimbo wangu wa zamani bado huniletea kitu kila robo mwaka. Kwa hiyo nimeacha kukusanya nyimbo kwa muda mrefu na kuzitoa zote kwa pamoja, na badala yake hutoa mmoja mmoja, kwa kuwa kila wimbo mpya huwarudisha wasikilizaji kwenye ile ya zamani.

Jambo ambalo wasanii wengi wachanga hawaelezwi ni kwamba huduma hizi kwa kawaida hazina bei maalumu ya kila usikilizaji. Fedha za wanachama na za matangazo huwekwa katika fungu moja, kisha wenye haki hugawiwa kulingana na sehemu waliyoipata katika usikilizaji wote wa kipindi hicho. Kwa hiyo wimbo wako unaweza kusikilizwa kuliko mwezi uliopita na bado ukalipwa kidogo zaidi, kwa sababu tu wengine wamesikilizwa zaidi kuliko wewe. Tangu mwaka 2024, Spotify pia haitoi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Naliona hilo kuwa ni kuwaonea wanaoanza, na nalisema waziwazi.

Utunzi wenyewe pia umeguswa. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, na tangu prodyuza wangu alipolielewa hilo, kila utangulizi mrefu ninaompelekea huniomba niufupishe na kiitikio kije mapema. Nyimbo nyingine zimenufaika na ukali huo. Lakini zipo zinazohitaji kumwandaa msikilizaji polepole, na hizo nimekataa kuzikata, hata nikijua zitarukwa na wengi.

Karibuni. Taja fani yako na kilichobadilika katika kazi na katika malipo. Uliyegombana naye usimtaje jina.

Mhariri wa tamthilia

Asante, Mtunzi, kwa kutufungulia njia. Kwetu sisi wa vyumba vya uhariri, mwaka wa kukumbukwa ni 2013, Netflix, huduma ya kutazama filamu na tamthilia mtandaoni, ilipotoa vipindi vyote 13 vya msimu wa kwanza wa tamthilia ya House of Cards kwa siku moja. Kabla ya hapo nilikuwa nakata kipindi kwa kufuata saa ya kituo: kila baada ya dakika kadhaa pawe na mahali pa tangazo, na kabla ya tangazo pawe na jambo la kumzuia mtazamaji asihame. Nilipopata kazi yangu ya kwanza ya huduma ya mtandaoni, mipaka hiyo yote iliondoka. Kipindi kimoja kiliweza kuzidi kingine kwa robo saa na hakuna aliyelalamika. Muhtasari wa yaliyopita ukapungua, kwa kuwa mtazamaji aliyaona dakika chache tu zilizopita.

Uhuru huo ulikuja na gharama. Katika televisheni ya kawaida, tamthilia iliyorudiwa iliwapa waandishi na waigizaji malipo ya marudio, na kila mtu aliweza kujua imerudiwa mara ngapi. Mtandaoni hakuna marudio ya namna hiyo, na takwimu za utazamaji zilibaki mikononi mwa kampuni. Waandishi wa Marekani waligoma kwa siku 148 mwaka 2023, na mojawapo ya waliyoyapata ni nyongeza ya malipo kwa kazi ya huduma kubwa itakayotazamwa na angalau asilimia 20 ya wanachama wa nchini humo katika siku 90 za mwanzo. Mimi mhariri sinufaiki moja kwa moja na kifungu hicho, lakini nakithamini, kwa sababu kimeyafunga malipo kwenye takwimu ambazo kampuni zilikuwa hazitaki kuzitoa.

Meneja wa ukumbi wa sinema

Yangu ni mafupi. Biashara yetu ilisimama juu ya muda ambao filamu ilikuwa yetu peke yetu, na muda huo ulikaribia miezi mitatu. Julai 2020 Universal, watengenezaji wa filamu, na AMC, wenye kumbi za sinema, walikubaliana kwamba filamu inaweza kukodishwa nyumbani baada ya siku 17, na mwaka 2021 Warner Bros. ikatoa filamu zake nchini Marekani katika kumbi na kwenye huduma ya mtandaoni ya HBO Max siku moja. Tuliobaki tumejifunza kuuza kile ambacho nyumba haina: sauti kubwa iliyopangwa vizuri, maonyesho ya usiku wa kwanza, na filamu za zamani zinazotazamwa na watu waliokusanyika. Filamu za kawaida kuhusu maisha ya watu, zisizo na milipuko wala mashujaa, ndizo zilizotuponyoka, na hizo ndizo nilizozipenda.

Mchekeshaji

Nami natengeneza video fupi na kuzipakia mwenyewe. YouTube ilipobadilisha masharti mwaka 2018, ilibidi niwe na waliojisajili 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 ndipo niruhusiwe kugawana mapato ya matangazo. Nilipovuka hapo nikakutana na Content ID, mfumo unaotambua sauti na picha za wengine ndani ya video yako. Muziki uliokuwa ukipigwa mbali nyuma yangu ulitambuliwa, na mapato ya video ile yakaenda kwa mwenye wimbo. Sheria iko upande wake, siwezi kubisha. Tangu siku hiyo narekodi mahali pa kimya na kuweka muziki niliouagiza mwenyewe kwa mkataba wa maandishi. Vilevile nakusanya barua pepe za mashabiki, kwa kuwa wafuasi ninaowapata kwenye jukwaa la mtu mwingine siwezi kuhama nao.

Mpiga ngoma wa studio

Mtunzi amezungumzia fungu la fedha, nami nataka kuongeza kuhusu majina. Sisi tunaokodiwa kupiga ala hatumiliki rekodi, lakini katika nchi nyingi tuna haki ya kulipwa inapochezwa redioni au hadharani. Haki hiyo hupotea kirahisi kazi inapohamia mtandaoni, kwa sababu zamani majina yetu yalichapishwa kwenye jalada, na sasa mara nyingi faili hupakiwa ikiwa na jina la mwimbaji peke yake. Kila rekodi inapaswa kuwa na namba yake ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, na ndiyo inayotumika kuitambua kokote inakochezwa. Mimi sasa huiomba namba hiyo kabla sijaondoka studio, nikaiandikisha pamoja na jina langu na ala niliyopiga katika chama cha kukusanya mirabaha. Kwa rekodi za zamani nimelazimika kuwatafuta maprodyuza mmoja mmoja wanithibitishie kwa maandishi; baadhi wamejibu, na malipo ya nyimbo hizo yameanza kuja. Mtunzi, je, wewe huwaandikisha wapigaji wako, au unamwachia msambazaji anayepeleka nyimbo zako kwenye huduma za mtandaoni?