Mupiganaji na kuhani mu perso moja: nianze na klasi gani?

Mwana_Katuba

Jambo yenu bakubwa. Niko najenga perso yangu ya Dungeons & Dragons, ule muchezo wa dadu wenye kila muntu anaigiza perso yake, edisyo ya 5, ile ya 2014 juu njo MJ wetu (mwenye kuongoza muchezo) anachezeshaka, na nataka muntu mwenye iko mupiganaji na kuhani pamoja. Nasema mbele bantu banijibu "kamata tu paladini": hapana, paladini inategemea Karisma na miye sitaki muntu wa maneno, nataka muntu wa kusimama mbele na ngao, anapiga, na bale beko nyuma yake banapona kwa maombi yake. Bitabu bya kununua hatuna, tunatumikisha ile dokima ya bure ya kanuni, SRD 5.1, iko mpaka kwa Kifaransa, kwa hiyo kwa kuhani tuko na Domeni ya Uzima peke yake. Kanuni ya kuchanganya nilisoma: Hekima 13 kwa kuhani, Nguvu 13 ao Dexterite 13 kwa mupiganaji, hiyo niko nayo. Penye nakwama ni hapa: nivo ya kwanza nikamate gani? Na kisha nigawanye 5 na 5? Kampanye itafika nivo 10 hivi. Mwenzangu wa kundi anasema nusu kwa nusu njo muzuri, mi roho inakataa lakini nashindwa kumuelezea juu ya nini.

Kadutu_D20

Ndugu, roho yako iko na haki. Anza mupiganaji nivo 1, kisha ingia kwa kuhani na usitoke mule mpaka kuhani ifike 5.

Sababu kubwa ni hiyo dokima yenu yenyewe. Mu kitabu cha bachezaji kuko talanta (uwezo wa ziada wa kuchagua) inasaidia bakuhani bashikilie konsantrasyo, ni kusema maombi yenye kuendelea isikatike, wakati banapigwa, lakini mu SRD haiko, mule kuko talanta moja tu na ni ya kukamatana mieleka. Sasa wewe unataka kusimama mbele, maana yake utapigwa kila raundi, na kila ukipigwa unatupa dadu ya kujiokoa kwa Mwili, unatafuta 10 ao nusu ya majeraha, ile inazidi. Ukianza mupiganaji unapata ustadi wa kujiokoa kwa Nguvu na kwa Mwili. Ukianza kuhani unapata Hekima na Karisma, na hata ukiingia mupiganaji kesho yake, ile ya Mwili hauipate tena, juu klasi ya pili haipanaka kujiokoa. Piga hesabu: nivo 6, Mwili 16, ukianza mupiganaji uko na +6 ya kuongeza juu ya dadu ya pande 20, mbele ya 10 unafaulu mara 85 kwa 100. Bila ile ustadi uko na +3, ni 70 kwa 100. Mu vita ya raundi tano hiyo tofauti utaisikia kabisa.

Na juu ya nini kuhani 5? Juu ya Roho Walinzi, maombi ya kiwango cha 3. Adui yeyote anaanza mara yake ndani ya mita 4,5 kutoka kwako anakamata majeraha ya 3d8 (dadu tatu za pande 8), wastani 13 na nusu, na akifaulu kujiokoa anakamata nusu. Upanga wako na Nguvu 16 unapiga wastani 7 na nusu, muntu moja, na kama unamupata. Sasa muambie mwenzako: na 5 kwa 5, penye nivo 10 unapata shambulio la pili lakini maombi yako inabakia kiwango cha 3. Mi ningefanya mupiganaji 2 na kuhani 8. Kuhani 8 inakupa maombi ya kiwango cha 4, na silaha yako inaongeza 1d8 mara moja kwa raundi. Ile nivo ya pili ya mupiganaji ni kwa kupata tendo ya ziada mu mara moja, unaita Roho Walinzi na unapiga upanga papo hapo, kisha unapumzika kidogo inarudi. Ikamate kisha ya kuhani 5, mbele hapana.

Himbi_Mwenye_Ngao

Kadutu anasema vizuri kwa hesabu lakini mi nauliza swali ingine: mu kundi yenu nani mwingine anaponyesha? Kama hakuna, anza kuhani. Nivo 1 njo batu banakufaka bwepesi, mupiganaji anaanza na PV (pointi za uzima) 10 plus Mwili, mchawi na 6, goblini mbili tu zinamaliza kundi, na wewe ungekuwa pale na ngao yako nzuri unaangalia mwenzako anatupa dadu za kifo na hauna hata neno moja la kumuamusha. Domeni ya Uzima inakupa nguo nzito za chuma kutoka nivo 1, kwa hiyo kwa kinga haupoteze sana. Na kujiokoa kwa Hekima si kitu kidogo, yale maombi ya kumugandisha mutu yanapitiaka pale, kuhani akigandishwa mbele kundi yote inaanguka.

Kadutu_D20

Dada, hiyo nakubali kama beko batatu tu. Lakini kutoka nivo 1 kufika 2 ni pointi 300 za uzoefu, ni kikao kimoja ao bibili, MJ mwenye roho anaweza kubapa dawa moja ya kuponya ibavushe.

Mwana_Katuba

Aksanti sana, yaya na ndugu. Tuko banne na mwengine ni bardi, anaponyesha kidogo, kwa hiyo naanza mupiganaji. Nilifikiri naini (muntu mufupi) wa vilima: Nguvu 15, Mwili 13 na +2, Hekima 14 na +1, zote tatu 15, kisha penye kuhani 4 napandisha Nguvu na Mwili zifike 16. Swali ya mwisho: mkono moja iko na upanga, mwengine iko na ngao, naombaka na mkono gani?

Himbi_Mwenye_Ngao

Naini ni chaguo safi kabisa, nguo nzito haimupunguzie mwendo hata kama Nguvu haitoshe, na ule wa vilima anaongeza PV 1 kila nivo. Ukianza na nguo ya minyororo ya chuma (cotte de mailles), ngao, na mtindo wa Kujikinga, uko CA (hesabu ya kinga) 19 kutoka siku ya kwanza.

Kwa mikono: alama takatifu iweke juu ya ngao, kanuni inaruhusu. Maombi yenye kuomba kitu, kama Baraka na Roho Walinzi, unayafanya na mkono wa ngao. Yenye kuomba ishara ya mkono bila kitu, kama Kuponya Majeraha ao Silaha ya Roho, inaomba mkono mtupu, urudishe upanga kwanza, utautoa mara yako ingine. Lakini Neno la Kuponya ni mudomo tu, ni aksyo bonus, inafika mita 18. Unapiga adui na upanga, unamuamusha mwenzako, mara ile ile. Njo pale nasikiaka huyu perso anakuwa yule ulimuelezea kule juu. Na usitumie nafasi za kutayarisha kwa Baraka wala Silaha ya Roho, Domeni ya Uzima inakupa zote mbili bure.

Yaya_Kamalondo

Mi naongeza kitu bengine babakisha. Alama gani juu ya ngao? Uko Katuba, kule Lubumbashi, mudogo wangu, usiweke jua na miale kama kila muntu. Weka lukasa, ule ubao wa kumbukumbu wenye bushanga. Bantu ba Mbudye, chama cha bale banachunga historia kwa Baluba, banashikaka lukasa mu mkono wa kushoto, ngao nayo njo fasi yake, na kidole cha kuume kinapita juu ya bushanga, kinasoma majina ya bafalme, njia, na fasi za mizimu. Kuhani wako akumbuke bafu: kila muntu anakufa mu kampanye, anaongeza bushanga moja. Na kwa hadisi yake angalia kwa Kalala Ilunga, shujaa mwenye aliangusha Nkongolo, hakushinda peke yake, alikuwa na Mijibu wa Kalenga, mwaguzi, wa kumuonyesha njia. Wewe unabeba bote babili mu mwili moja. Huyu muntu akiona hatari kama mupiganaji na akiiona kama mwaguzi, anasikia nani kwanza? Muulize MJ akuwekee ile mbele mapema, hata penye nivo 2, wakati unaingia klasi ya kuhani. Asiingie tu juu karatasi inaruhusu, kuwe na kitu kilimuita.

Mwana_Katuba

Yaya, lukasa nakamata. Nitaichora mwenyewe juu ya karatasi ya perso, na ile ya kuitwa nivo 2 namuandikia MJ leo usiku, juu posho tunacheza.