Bosi akipiga, nani apokee?

Kassim: Shikamooni wakubwa. Leo kazini madereva wote tumesainishwa waraka mpya. Marufuku kutumia simu gari likiwa linatembea. Ukikamatwa, barua ya onyo. Ukirudia, unakabidhi funguo.

Shangazi Rehema: Marahaba baba. Alhamdulillahi, walichelewa hao.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Nawe umesaini?

Kassim: Nimesaini mjomba, ningefanyaje. Sasa mchana huohuo niko barabarani, bosi kapiga. Sikupokea. Kapiga tena. Mwisho kaandika UKO WAPI, herufi kubwa tupu.

Zawadi: 😂 Na herufi kubwa umeziona vipi kama hukushika simu?

Kassim: Nimesoma nilipofika, we mtoto!

Zawadi: Haya kaka, yaishe.

Mjomba Hamisi: Waraka wenu umemfunga anayepokea, umemwacha huru anayepiga.

Shangazi Rehema: Si aweke kwenye spika za gari? Mikono ibaki kwenye usukani, maneno yapite.

Zawadi: Shangazi, haisaidii sana. 1997 watafiti wawili, Redelmeier na Tibshirani, walichunguza madereva wa Toronto, Kanada, waliopata ajali, wakapitia na rekodi za simu zao. Wakati wa simu, hatari ya kugonga ilikuwa kama mara nne. Na waliokuwa na simu zisizoshikwa mkononi hawakuonekana kuwa na nafuu yoyote. Kinachotekwa ni akili.

Shangazi Rehema: Mbona mimi huongea na dereva safari nzima na tunafika?

Zawadi: Wewe umo ndani. Lori likikatiza mbele unanyamaza mwenyewe, au unapiga kelele. Aliyeko ofisini halioni hilo lori, yeye anaendelea kudai ripoti yake.

Mjomba Hamisi: Kwa kelele hapo umemjua shangazi yako.

Shangazi Rehema: Hamisi!! Haya, na meseji? Kutupa jicho mara moja tu?

Kassim: Hapana shangazi, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukisoma meseji kwa sekunde tano umeshapita mita mia na zaidi, na barabara hukuiona.

Shangazi Rehema: Ya Rabi.

Mjomba Hamisi: Marekani walilianza hili kwa watumishi wao 2009. Obama alisaini amri tarehe 1 Oktoba: mtumishi wa serikali kuu asiandike wala asisome meseji akiwa anaendesha. Mimi nilipenda walivyoziba mianya. Gari la serikali, umo. Gari lako mwenyewe lakini umetumwa kikazi, umo. Gari lako, ila kifaa unachotumia umepewa na serikali, bado umo. Na ukisimama kwenye taa au kwenye foleni, unahesabiwa unaendesha! Mpaka utoke barabarani, uegeshe mahali salama.

Kassim: Hata kwenye taa? Wetu umeandika "likiwa linatembea". Kwa hiyo taa ikiwa nyekundu tu, vichwa vyote chini.

Zawadi: Taa inageuka kijani, mtu bado anaandika "niko njiani nakuja".

Kassim: Na polisi je? Wao si lazima wawasiliane?

Mjomba Hamisi: Idara ziliruhusiwa kuwaondoa watu wa ulinzi, polisi na mambo ya dharura. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba amri ile ilihusu meseji, kupiga simu haikukugusa. Desemba 2011 bodi yao ya kuchunguza ajali ndiyo ikasema wazi: madereva wote, waache simu zote isipokuwa kwa dharura. Walikuwa wametoka kuchunguza ajali ya Missouri ya 2010, kijana wa pikapu aliyetuma na kupokea meseji 11 ndani ya dakika 11. Aligonga lori, mabasi mawili ya shule yakaja juu yao. Wakafa wawili, yeye mmojawapo.

Shangazi Rehema: Innalillahi. Kassim mwanangu, usipokee. Hata mimi nikipiga, usipokee.

Kassim: Wewe sikuogopi shangazi. Namwogopa anayejaza fomu yangu ya tathmini.

Mjomba Hamisi: Usibishane naye. Mwandikie ofisa usafirishaji, swali moja tu: simu ya mkuu ikiita niko kwenye usukani, nisipopokea, nimekosa? Akijibu kwa maandishi, umepona.

Zawadi: Na simu ijibu yenyewe kaka. Simu nyingi za sasa zina hiyo: "Naendesha, nitakupigia nikisimama."

Kassim: Hiyo nimeiwasha. Barua nimeanza hivi, niangalieni: "Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba uniwie radhi kwa kukusumbua, napenda kuuliza kama inawezekana..."

Mjomba Hamisi: Futa yote hayo. Unauliza jambo la kazi, huombi mkopo. Anza na namba ya waraka, kisha swali. Chini weka "Nakala: Mkuu wa Idara".

Kassim: Nakala kwa bosi mwenyewe?? Mjomba!

Mjomba Hamisi: Kwake hasa. Yeye ndiye anayepiga.