Ushuru wa mwaloni ununue vyandarua?

Natoa hoja, mwenye mawazo tofauti anijibu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa. Kwetu Kanda ya Ziwa hilo halikuwa la redioni tu. Mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria ulianza 2005, Tanzania ikiwa kati ya nchi tatu za mwanzo, na ndio uliogharamia upuliziaji wa dawa ukutani Mwanza, Mara na Kagera. Nasema halmashauri zenye mialo, yaani pale boti zinaposhusha samaki, zitenge fungu la ushuru wa samaki na dagaa kila mwaka, kwa vipimo, dawa mseto na vyandarua.

Ujuzi tunao. Misungwi hapo, mkoani Mwanza, watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wakishirikiana na KCMC ya Moshi na wenzao wa London, kwa fedha za Uingereza, walilinganisha vyandarua vya kawaida na vyenye dawa ya aina mbili. Kwa miaka miwili, watoto waliolalia aina moja ya vile vipya waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44. Shirika la Afya Duniani likavipitisha 2023. Sasa kilichopimwa Misungwi tungoje Washington itununulie?

Mchuuzi wa dagaa: Mwanangu, kwenye ushuru usiniguse. Gunia likishuka nalipa, likipanda lori nalipa, na choo cha mwalo wetu hakina maji mwaka wa pili huu. Ukiniambia sehemu inaenda kwenye chandarua, nitakionea wapi? Cha mfadhili nilikipokea kliniki kwa mkono wangu, nikiwa na mimba.

Mhudumu wa afya, kisiwani: Shikamooni. Wavuvi wetu wa dagaa wanatoka usiku wa giza, wanarudi alfajiri na kulala kwenye mabanda ya turubai. Kitanda hakuna, wala pa kufungia chandarua. Nimewahi kukuta chandarua kipya kimetandazwa mchangani, dagaa juu yake. Nikamuuliza mama mwenyewe. Akachota kiganja cha dagaa walioanikwa chini, akanionyesha mchanga: "Mnunuzi akiuona huu, bei inashuka." Alikuwa na watoto wawili ndani, mmoja ana homa. Zahanati ilikuwa imeishiwa vipimo wiki tatu, tukampa dawa kwa kukisia. Naunga mkono ushuru, ila uanze na vipimo, na chanja za kuanikia. Mama akiwa na chanja, chandarua kitarudi ndani.

Mwingine: Na kiwanda cha Kibaha cha viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu, kile cha teknolojia ya Kuba? 2017 Rais Magufuli aliagiza halmashauri zote zinunue. Agizo lilikuwepo.

Mleta hoja: Agizo bila fungu la kila mwaka halifiki mbali, ndiyo maana nang'ang'ania fungu. Mama mchuuzi, shikamoo, umenibana kwa haki. Basi pawe na ubao getini pa mwalo: mwezi huu magunia mangapi, shilingi ngapi, vipimo vingapi vimefika zahanati. Pasipo ubao, hata mimi nitapinga hilo fungu. Mhudumu, hilo la chanja sikuwa nimeliwaza kabisa. Huko kisiwani mbao na wavu wa chanja moja vinagharimu kiasi gani?