Yule fundi wa droni mnayemjua wote KACHOMEKA BETRI BILA KUPIMA!!!

Wakuu, mikono bado inatetemeka kwa hasira. Jina sitaji, lakini mnamjua: wa ngazi za chuma, miwani ya kukuzia iko utosini mwaka mzima. Nimempelekea droni yangu ya propela za inchi 5, mota tatu zinazunguka, moja imekwama. Kupima ni dakika 5. Yeye kachukua betri ya 4S (seli nne mfululizo) iliyojaa, volti 16.8, kaichomeka moja kwa moja. PAA! Moshi nadhani hadi Kigamboni wameuona. Na bodi bado inafuka, ananiambia: "Kidude cha watoto hiki, nunua kingine."

Kidude cha watoto!

Mita ya umeme ilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake. Unaiweka kwenye mlio, betri ikiwa nje, ncha mbili kwenye pedi (pale waya zinapolehemewa) za waya mwekundu na mweusi wa betri. Ikilia kidogo ikanyamaza, hiyo ni kapasita inajaa, hakuna neno. Ikilia mfululizo ni shoti, na betri isisogee hapo! Kisha unahamia pedi 3 za kila mota, unapima ukinzani kwenda chanya, halafu kwenda hasi. Pedi zote 12 zinatakiwa zisome karibu sawa. Inayosoma karibu na sifuri ndiyo yenye mosfeti (swichi ndogo ya umeme) iliyokufa. ESC ya nne-kwa-moja, yaani bodi moja inayoendesha mota zote nne, ina mosfeti 24, sita kwa kila mota. Hapa ilikufa MOJA. Flaksi ya kulehemu, blowa ya hewa moto, unatoa, unaweka yenye namba ileile, na mwenzake wa pedi hiyo unambadilisha pia maana keshapata joto.

Sasa kachomeka betri, pale pa mosfeti pamekuwa shimo, shaba imeungua hadi tabaka la ndani. Hapo kweli ni ya kutupa. Kamuua mgonjwa, ndipo akasema mgonjwa haponi!

Hata balbu ya indiketa ya gari hana? Volti 12, wati 21, waya mwekundu wa betri unapitia humo. Kukiwa na shoti inawaka balbu, bodi inapona. Balbu, wakuu!

waya_mwekundu: Pole, ila nani anampelekea fundi droni na betri iliyojaa? Betri inabaki nyumbani. Na umesahau jambo kubwa: waya za mota zing'olewe kwanza. Zikibaki, koili zinaunganisha pedi zote 3 na mita inakusomea kitu kimoja kila mahali. Na wewe unamfundisha fundi!

mrushaji_wa_pwani: Kelele zote za mosfeti, mota iliyokwama hakuna aliyeiuliza. Skrubu ikiwa ndefu inagusa koili. Pima kati ya waya wa mota na skrubu yake, mita isilie. Ikilia, hata ESC mpya inaungua siku hiyohiyo.

propela3: Na bodi ya kurushia, ile yenye ubongo wa droni? Chomeka USB tu. Kompyuta ikiiona na prosesa haina moto, huenda imepona. Prosesa ikikuunguza kidole, usihangaike kulehemu, nunua.

mwenye uzi: Asante, lakini KACHOMEKA BETRI. Mita iko hapo!

tairi_la_nyuma: Afadhali wewe. Kuna yule wa magari ya rimoti, katoboa Lipo (betri ya lithiamu) iliyovimba kwa sindano "itoe gesi". SINDANO! Lipo iliyovimba hairekebishwi, ikitobolewa inaweza kuwaka moto mbele ya macho yako.

propela3: Huyohuyo wa sindano anauza servo (kile kimota cha kukatisha kona) za "gia za chuma". Fungua mfuniko: ya juu chuma, tatu za chini plastiki.

tairi_la_nyuma: Tena hizo plastiki zinakatika meno gari likigonga jiwe mara moja tu, anakwambia servo nzima imekufa. Mota yake inalia, bodi haina tatizo, ni gia tu! Unafungua skrubu 4, unabadilisha seti, grisi kidogo, imeisha.

mwenye uzi: Wakuu tumetoka kwenye mada. "Kidude cha watoto" alisema!

mrushaji_wa_pwani: Mwenye seti ya gia za servo, mhimili wa meno 25? Si 23, nimeshauziwa za 23 haziingii.

waya_mwekundu: Za 25 ninazo, njoo PM.